Picha kwenye Meza ya Wafu

Kila Ijumaa asubuhi natuma barua ya habari kwa watu wote wa Seminari ya Mwaloni Mweusi. Nani amefaulu somo la maadili, nani amepata kibali cha kufungisha ndoa, mbuzi wa nani amezaa mapacha, baba wa nani amefariki. Wanafunzi wetu wametawanyika nchi nzima, wanasoma kwa mtandao, na wengi wao ndio wapagani pekee katika mtaa wao. Neno hilo tunalitumia wenyewe, kwa hiyo usione haya kulisoma. Mtu aliyezungukwa na Wabaptisti kila upande anataka kujua kwamba mahali fulani kuna mwenzake ambaye naye aliwasha mshumaa usiku wa mwezi mpevu na paka akauangusha. Barua yangu inafanya kazi hiyo.

Sehemu inayosomwa kuliko zote iko chini kabisa: wanaoomba kazi ya uponyaji, yaani tuwawashie mishumaa na kuwafanyia dua. Hapo pana sheria moja. Jina haliingii mpaka mwenyewe akubali kwa kinywa chake. Makanisa ya hapa Carolina ya Kusini yatakuombea utake usitake. Jirani yangu aliwahi kuniombea kwa sauti tukiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Sisi hatufanyi hivyo. Kumfanyia mtu kazi bila idhini yake, hata kwa wema, ni sawa na kuingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Tunalifundisha hilo muhula wa kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Nimewakatalia watu huku wanalia. Mwanamume mmoja wa Ohio aliomba tuweke jina la mke wake aliyemkimbia. Nikamwambia, "Mkeo ana simu. Mwulize yeye." Hakuandika tena.

Mwezi wa Oktoba binti yangu Sorrel akaugua. Ana miaka ishirini na sita, anapaka rangi magari katika gereji moja, na anaishi mwendo wa saa nzima kutoka kwangu. Alikuwa na homa akaipuuza, kama anavyopuuza kila kitu kinachotaka atulie. Alipoanguka kazini ndipo wakagundua kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu na vimekula kilango kimoja cha moyo. Watampa dawa kwanza, walisema, kisha watampasua kifua na kumwekea kilango kingine. Bila hivyo hana muda.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na kwenye kucha bado alikuwa na rangi ya buluu ya gari la mtu.

"Usianze," aliniambia kabla sijavuta kiti.

"Sijasema kitu."

"Wewe unafikiri kwa sauti, Mama. Usiniweke kwenye barua yako."

"Kuna watu wengi wanaokupenda. Wanakujua tangu ukiwa kwenye nepi."

"Wananijua kwa sababu uliwaambia. Nimeota jino, habari. Nimeshikwa na tetekuwanga, habari. Nilipovunja ungo ulifanya nini?"

Tulifanya sherehe, ndivyo tunavyofanya. Wanawake walimwimbia, akavishwa taji la maua, na mimi nikaandika aya mbili nzuri.

"Mama yake Cody Shealy alikuwa anaipata ile barua," Sorrel alisema. "Cody akaisoma kwenye basi la shule. Yote. Na sauti aliiga ya kwako."

"Hukuniambia."

"Ungeandika." Alifumba macho, akayafumbua. "Sasa nisikilize. Sitaki mshumaa, sitaki duara, sitaki manyoya ya ndege kwenye bahasha. Nataka daktari na nataka dawa. Wewe njoo, niletee mafuta ya midomo, kaa hapo, nyamaza. Unaweza?"

"Kukaa naweza."

Alianza kucheka, kifua kikamuuma, akaacha. "Basi kaa," alisema.

Nikakaa. Nilikaa kila siku, na kwa sehemu kubwa nilinyamaza.

Mtu mmoja tu nilimwambia, naye ni Marguerite Voss. Marguerite ndiye anayefundisha ibada seminarini, na ndiye aliyemdaka Sorrel siku anazaliwa, maana mkunga alikwama nyuma ya treni ya mizigo. Ilibidi nimweleze kwa nini sipo jikoni wakati wiki ya mkutano imefika. Mara moja kwa mwaka wanafunzi huacha skrini zao na kuja kwa miguu yao, siku chache kabla ya Sikukuu ya Wafu, katika kambi ya watoto kando ya ziwa ambayo tunaikodi kwa sababu wakati huo maji ni baridi na hakuna mwingine anayeitaka. Chakula ni kazi yangu.

"Amekataa?" Marguerite aliuliza.

"Amekataa."

"Hata dua ndogo?"

"Marguerite, somo la idhini uliliandika wewe."

"Najua nilichoandika, shoga. Niliandika nikiwa sina mtoto kitandani."

"Na sasa pia huna. Ni wangu."

Alilipokea hilo vizuri, nilidhani. Alinishika mkono, akaniambia niende, yeye na wanafunzi watamenya viazi.

Katika ukumbi wa kambi huwa tunaweka meza ya wafu. Kitambaa cheusi, maji, matofaa, na picha. Kila anayekuja analeta wafu wake: bibi, mume, rafiki aliyejiua, mbwa. Usiku wa Jumatano wanafunzi hufanya duara la ufunguzi mbele ya meza hiyo na kuwaita waliotangulia kwa majina. Jumatano hiyo mimi nilikuwa hospitali, namtazama mwanangu akilala mdomo wazi. Upasuaji ulikuwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi nilifika na mafuta mengine ya midomo. Nesi alinizuia mlangoni. Sorrel alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi.

"Mwache aingie dakika moja," alisema.

Alinigeuzia ile simu. Mwanafunzi mmoja kutoka Oregon alikuwa ameweka picha ya duara mtandaoni. Mikono imeinuliwa, mishumaa, na nyuma yao meza. Katikati ya babu wa mtu aliyevaa sare za jeshi la majini na mbwa mwenye masikio marefu, alikuwepo Sorrel. Ana miaka tisa, hana meno ya mbele, amevaa mabawa ya kereng'ende niliyomshonea kwa waya na soksi ndefu za nailoni. Chini yake yule mwanafunzi ameandika kwamba usiku huu wamewaomba wahenga wamlinde mtoto wa mmoja wetu. Jina halikuwepo.

"Hii ni meza ya nani, Mama?"

"Ya wafu."

"Kesho wanausimamisha moyo wangu. Unajua hilo? Wanauzima kabisa, mashine inafanya kazi yake. Na nyie mmeshanipanga na mbwa wa mtu."

"Sikujua, Sorrel."

"Ulimwambia nani?"

"Marguerite peke yake."

"Basi uliwaambia wote."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya, tumegombana miaka yote na huwa nashinda. Alimgeukia nesi, akazungumza kama mtu anayeagiza chakula. "Huyu asiingie tena. Asipewe habari zangu, kwa simu wala vinginevyo. Mtu yeyote akiuliza, mimi sipo."

Nesi alinitazama. Alikuwa wa umri wangu, na bila shaka ana watoto. "Mama," alisema, "itabidi utoke."

Niliyaweka mafuta ya midomo kwenye meza ya kitanda.

"Na hayo yachukue," Sorrel alisema.

Sikumbuki barabara ya kurudi kambini. Nilimtoa Marguerite nje katikati ya kipindi, tukasimama nyuma ya banda la mitumbwi ambako wanafunzi hawasikii.

"Sikutaja jina lake," alisema kabla sijafungua mdomo. Uso wake ulishajua.

"Uliweka sura yake."

"Jina halikutajwa na mtu yeyote, Darlene. Nilikuwa makini sana na hilo. Nilisema mtoto wa mmoja wetu, basi."

"Na wote wakageuka kutazama kiti changu kitupu."

"Wahenga wako karibu wiki hii kuliko wakati wowote. Nilitaka wamwone, wamjue kwa sura, akija upande wao wamgeuze arudi. Ningemweka wapi pengine?"

"Usingemweka. Ndiyo maana ya neno hapana. Unalifundisha kwa wiki nne nzima."

Alianza kulia, na mimi sikuwa na nafasi ya kilio cha mtu mwingine. "Nitakwenda nimwombe radhi," alisema.

"Hutafika mlangoni. Mimi sifiki mlangoni."

"Basi niifungue ile kazi. Niirudishe nyuma, niwaambie wahenga wamwache, kana kwamba hatukuwaita." Nilimwona akifikiri, na nikajua anaelekea wapi kabla hajafika. "Ila kuifungua nako ni kumfanyia kazi," alisema polepole. "Lazima aniruhusu."

Tulisimama pale tukitazamana, watu wazima wawili, mmoja ana shahada ya juu ya mambo haya haya. Hata ile picha hakujua aitoeje. Mwishowe nilikwenda nikaitoa mwenyewe, nikaitia kwenye mkoba. Haikubadilisha kitu. Ilikuwa karatasi tu.

Ijumaa nilipiga simu hospitali alfajiri. Msichana wa mapokezi alikuwa na sauti ya sukari.

"Sina taarifa za mgonjwa mwenye jina hilo, mama."

"Binti, mimi ndiye niliyemzaa."

"Naelewa, mama. Sina taarifa za mgonjwa mwenye jina hilo."

Nilipiga tena mchana. Msichana mwingine, maneno yale yale. Ndivyo wanavyofanya mgonjwa akiomba asijulikane: anafutika. Awe anakunywa supu, awe amefunikwa shuka, jibu ni moja. Nikajipa moyo kwamba akifa watanitafuta, maana nani mwingine atamzika. Kwa hiyo simu isipolia, yu hai. Nikashika hilo kwa muda wa saa nzima hivi, nikiwa nakata sukumawiki. Kisha nikawaza kwamba pengine amefuta na namba yangu.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyejua. Orrin Gantt ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, aliendesha malori ya masafa marefu mpaka goti likamshinda, akaamua anataka kukaa na wagonjwa. Ana ndevu za kufika kifuani na tumbo linaloingia chumbani kabla yake. Anafanya mafunzo ya kasisi wa wagonjwa katika hospitali ile ile. Nafasi hiyo niliipigania mimi, kama msimamizi wa wanafunzi. Wakubwa wa hospitali waliniuliza kama atachinja kuku wodini, nikawajibu kwamba Orrin anaogopa kuku. Kasisi wa zamu hupita vitanda vyote, na hasa vya wanaokwenda kupasuliwa. Ijumaa ilikuwa zamu yake.

Asubuhi hiyo kabla hajaondoka nilimkuta kwenye birika la kahawa.

"Leo uko wodi gani, Orrin?"

"Bi Darlene," alisema. Hilo tu. Akatia sukari, akakoroga mpaka kahawa ikapoa, akaondoka.

Alikuwa na haki. Analolijua kasisi kitandani linabaki kitandani, hata kama ni kwamba mtu yupo kitandani. Kiapo hicho wanafunzi wanakula mbele yangu. Mwaka uliopita mwanamke mmoja, mwanafunzi mzuri kabisa, alimwambia mke wa mgonjwa neno alilosema mume. Neno zuri, la mapenzi. Tulimwondoa, na barua ya kumwondoa niliiandika mimi. Orrin alikuwa darasa moja naye.

Jioni ya Sikukuu ya Wafu, ambayo mwaka huu iliangukia Ijumaa hiyo, tunakula chakula cha kimya. Kiti cha kichwa cha meza ni cha wafu, sahani yao inapakuliwa ya kwanza na inajaa kama za wengine. Kuanzia sahani hiyo inapowekwa hakuna anayesema mpaka meza ifutwe. Simu zote zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Yangu niliiacha ndani ya aproni, na hakuna aliyethubutu kuniambia kitu. Nilipika wali mwekundu, nyama ya nguruwe ya kuchomwa taratibu, sukumawiki, mkate wa mahindi. Nilipika vizuri. Mikono inajua.

Orrin alifika tumeshakaa. Alinawa, akatafuta nafasi, na nafasi iliyobaki ilikuwa mbele yangu.

Nilimtazama. Macho yalikuwa mekundu, lakini ametoka kwenye jengo ambamo watu wanakufa kila siku, na Orrin hulia kwa yeyote. Aliupaka mkate wake siagi, akauweka chini. Nikafikiri: amekufa. Akauchukua, akaumega, akala. Nikafikiri: yu hai, mtu hawezi kula hivyo mbele ya mama. Akasogeza sahani pembeni. Karibu yangu mwanafunzi alikuwa akitafuna sukumawiki, na kutafuna kwake kulijaza chumba kizima.

"Orrin," nilisema.

Vijiko vilisimama. Hakuna mtu mzima aliyewahi kusema kwenye chakula kile.

"Yu hai?"

Aliweka uma chini. "Bi Darlene, sijui unamuulizia nani."

Hilo ndilo jibu tunalofundisha. Neno kwa neno.

"Unamjua."

"Sijui unamuulizia nani." Machozi yalikuwa yakimtiririka na kuingia kwenye ndevu, na uso haukusogea hata kidogo.

"Tingisha kichwa tu. Huhitaji kusema."

"Siwezi, Bi Darlene."

"Nitakufukuza."

"Nikikuambia ndipo utanifukuza," alisema. Hakusema kwa ubishi. Aliniambia kama unavyomkumbusha mtu mahali alipoweka miwani.

Marguerite alianza kuinuka mwisho wa meza. "Kaa," nilimwambia, akakaa. Watu wote walikuwa wanatazama sahani zao. Nilikuwa na seminari nzima mbele yangu, watu waliofundishwa kukesha na anayekufa, kumwosha aliyekufa, kumshika mama aliyefiwa, na hakuna hata mmoja aliyejua mimi ni mama wa namna gani jioni ile. Walingojea waambiwe. Mimi pia.

"Kula," nilimwambia Orrin. "Kinapoa."

Nilichukua bakuli la wali nikazunguka nalo, nikawaongeza waliotaka na wasiotaka. Kimya kikarudi.

Meza ilipofutwa niliingia jikoni kuosha masufuria. Orrin akaja, akachukua kitambaa, akaanza kukausha bila kuitwa. Tulifanya hivyo kwa muda. Sufuria, mfuniko, sufuria.

"Unarudi lini kule?" niliuliza.

"Jumapili."

"Kuna wagonjwa wanaosikia baridi miguuni?"

"Wote. Kule ndani ni kama lori la nyama."

Nilikausha mikono, nikatoa kwenye mkoba soksi nilizonunua dukani mchana ule, nilipotoka kufuata siagi. Soksi nene za rangi ya chungwa, zenye vinundu vya mpira kwenye nyayo ili mtu asiteleze. Mbaya kwa sura. Za kike zilikuwepo nzuri, lakini Sorrel ana miguu ya baba yake.

"Hizi mpe mmoja wao."

Alizigeuza, akasoma kipimo. "Ni kubwa," alisema.

"Ndiyo."

Alikaa nazo mkononi. Nilimtazama kila kona ya uso. "Nitampa anayezihitaji," alisema. "Yeyote, Bi Darlene. Na sitaweza kukuambia ni nani."

"Sijakuuliza."

Akazitia mfukoni mwa koti. Nilijaribu kupima kama mtu angezipokea soksi za aliyekwisha kufa, kutoka kwa mama yake, na kuzikunja hivyo kwa uangalifu. Orrin angezipokea. Ana roho nzuri. Mtu katili ningeweza kumsoma.

Nilimpa sufuria ya wali aikaushe. Simu nilikuwa nimeiweka dirishani juu ya sinki. Nikapunguza maji ya bomba yawe membamba, ili ikilia niisikie, nikaendelea kusugua, nikiomba isilie.